Mstari wa Bamvua

Somoe Chande alikuwa akimsubiri Badi Nahoza tangu hajavunja ungo, na Jumatatu hiyo, bila hodi wala taarifa, akamkuta ametulia kwenye kioo chake cha kazi. Si mwenyewe kwa nyama na mifupa, ni jina lake tu, pembeni mwa ramani: Rasi Pweza, mabwawa ya kambamiti na nyumba moja, mmiliki B. Nahoza. Ilikuwa zamu ya Rasi Pweza kupimwa, na shahidi aliyepangiwa kuipima alikuwa Somoe.

Alikiweka kikombe cha chai mezani kabla hajakionja, macho hayabanduki kiooni.

"Vipi?" akauliza Ngwali wa meza ya pili, kijana asiyepitwa na jambo. "Umeona jini?"

"Nimeona mtu."

"Basi pole. Jini lina dawa."

Somoe hakucheka. Aliifungua ile ramani, akaikuza, akaanza kuitazama nyumba ya adui yake kutoka angani. Paa jekundu. Mabwawa yamepangana kama trei za kuokea mikate. Tuta refu jembamba, ndiyo njia pekee ya gari, limetoka barabarani likanyooka mpaka ncha ya rasi. Mahali pazuri. Mzee alikuwa amestaafu vizuri.

Mtambo wa setilaiti uliokuwa ukiupiga picha mwambao mzima kila asubuhi ulikuwa na jina refu la kiserikali, lakini Kituoni, ofisi ya mashahidi alikofanya kazi Somoe, waliuita Mamamkwe, kwa sababu uliona kila kitu, haukulala, na ukishasema umesema. Ulichukua picha mpya ukailaza juu ya picha ya zamani, ukaona wapi wimbi limeumega mchanga na wapi mikoko imerudi, kisha ukachora Mstari. Upande wa ndani wa Mstari ni nchi kavu. Upande wa nje ni bahari, na baharini kwa mujibu wa Sheria hakuna kiwanja, hakuna umeme, hakuna bomba la maji wala mkazi. Sheria hiyo ilitungwa miaka ile bahari ilipomeza mitaa mizima, na watu wakawa wanashtakiana kwa viwanja ambavyo sasa samaki walikuwa wakizaa humo. Mahakama zilichoka. Zikataka kauli moja isiyobishaniwa.

Ubaya ni kwamba majaji walikuwa watu wa kuamini macho yao. Picha za rada, zile zinazopenya mawingu, walizikataa. Walisema ni vivuli vya wachawi. Wakataka picha ya mwanga ambayo hata bibi yako akionyeshwa ataelewa. Basi masika ikiingia na mbingu kufunga, hupita miezi hujapata hata picha moja safi. Kwa hiyo Sheria ikaruhusu: picha yoyote isiyo na wingu inatosha, mradi awepo shahidi, binadamu, aliyekanyaga mahali pale kwa miguu yake, aweke dole gumba kwamba maji yanayoonekana ni bahari kweli.

Kuhusu kujaa na kupwa, Sheria haikusema neno. Mtoto yeyote wa pwani anajua kuwa ufuo wa maji mafu, yasiyopanda sana, si ufuo wa bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Ukivilinganisha hivyo viwili ni sawa na kumpima mtu kimo leo amechutama, kesho amepanda juu ya kiti. Mashahidi waaminifu walichagua picha za maji yaliyolingana. Wasio waaminifu walichukua waliyonayo.

Na ukutani Kituoni, juu ya birika la chai, palikuwa na tangazo ambalo kila mmoja alilijua kwa moyo: shahidi aliyejikanusha amekiri uongo, na aliyekiri uongo huenda gerezani. Tangu Sheria itungwe, hakuna aliyejikanusha.

*

Chumvini kilikuwa kijiji cha watu wa chumvi. Walikuwa wameizungushia matuta nchi ya tope iliyo nyuma ya mikoko, wakaigawa majaruba, vitalu vya kukaushia chumvi, na kila jaruba lina mlango wake wa mbao. Bamvua ikija, wanafungua milango, bahari inaingia hadi kwenye majaruba ya mwisho. Kisha wanafunga, wanaliachia jua lifanye kazi yake. Asubuhi ya kufungua milango ilikuwa kama sikukuu. Wanawake walipika mandazi, watoto waliogelea jarubani wakifukuzwa kwa matusi ya mapenzi, na kwa saa chache kijiji kizima kilikuwa maji yanayong'aa, nyumba zimesimama katikati kama visiwa.

Somoe alikuwa mtoto pale aliposhuka shahidi kijana mwenye viatu vya kung'aa. Baba yake Somoe, Chande Mfaume, alimpa chumba, akampa pweza wa nazi, akamtembeza kila tuta. Shahidi akauliza, kwa adabu tu, milango inafunguliwa lini.

"Keshokutwa, bamvua kubwa," baba alimjibu, kifua mbele. "Subiri uone. Panajaa pakawa kama kioo."

Shahidi hakusubiri. Aliondoka na pakacha la chumvi alilopewa zawadi. Keshokutwa yake mbingu ilikuwa safi, haina wingu, Mamamkwe akapita juu ya kijiji kilichofungua milango kwa mikono yake mwenyewe, na Badi Nahoza, aliyelala humo, aliyekula humo, aliyejua kila mlango, akaweka dole gumba kwamba Chumvini ni bahari.

Umeme ukakatwa. Watu wakagoma kuhama. Utamhamishaje mtu kutoka nchi kavu kwa kuwa eti amezama? Katika mgomo huo Chande Mfaume akashikwa na kifua akiwa tutani. Gari la wagonjwa lilikuja lenyewe, maana siku hizo tayari magari hayo yalikuwa yanajiendesha, likafika kwenye Mstari likasimama. Mbele yake vumbi tupu, na mbuzi wawili wanakula.

"Mbele ni bahari," likasema.

Wanaume wakambeba Chande na kitanda chake mpaka mlangoni pa gari. Mlango haukufunguka. "Mgonjwa wa baharini husubiri boti ya uokoaji," likasema gari, na boti haikuweza kuja kwa sababu hapakuwa na maji ya kuileta. Mama yake Somoe akampigia simu shahidi, maana namba yake ilibandikwa kwenye notisi ya kuhama, na shahidi peke yake ndiye angeweza kuiondoa kauli yake. Mwanamke akapokea, akasema bwana hayupo. Mama akapiga tena. Akapiga mpaka simu ikazima. Chande Mfaume akakata roho kwenye Mstari, taa ya gari ikimmulika usoni, nyekundu, buluu, nyekundu.

Watu husoma kwa mkopo, kwa ufadhili, kwa jasho la wazazi. Somoe alisoma kwa hasira. Hasira ilimpitisha sekondari, ikampitisha chuo cha ramani, ikamtafutia kazi Kituoni, na kila mwaka aliitumia kuifungua picha ya Chumvini. Aliona tuta la kwanza likibomoka kwa kukosa wa kulikandika. Kisha la pili. Kisha mikoko ya mbele ikaanguka na mawimbi yakaingia moja kwa moja, yasitoke tena. Uongo wa Badi uliachwa peke yake muda mrefu hata ukageuka ukweli. Chumvini sasa ilikuwa bahari kweli, na hapakuwa na cha kudai wala cha kurudishiwa. Alibaki Badi tu.

*

Badi Nahoza alimpokea na kikoi kiunoni na tabasamu la mtu mwenye amani. Amenenepa, nywele pamba tupu. Somoe alikuwa amejiandaa kuonana na shetani, akakuta babu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Shahidi mwanamke! Enzi zetu hatukuwa nao. Karibu, karibu sana, sisi ni wenzako."

Barazani alikaa mkewe, Bi Mize, mwembamba, mipira miwili imeingia puani kutoka kwenye mashine ya hewa iliyokuwa ikinguruma miguuni pake kama paka. Waya wa mashine ulipita dirishani ukaingia ndani kwenye umeme. Somoe aliuona waya ule. Na isemwe hapa mapema, asije mtu akamtetea baadaye: aliuona vizuri, akaelewa, akapita.

"Kaa ule, mwanangu," Bi Mize akasema. "Leo kuna kambamiti wa kukaanga."

"Nimefunga, bibi."

"Ah, Jumatatu. Mungu akupokelee." Akamwangalia kidogo, kichwa upande. "Sauti yako kama naijua. Kwenu wapi?"

"Mjini tu."

Hakuwa amefunga. Alikuwa na njaa ya kumtoa machozi, lakini chakula cha nyumba ile asingekigusa, kwani yeye si Badi wa kula kwa watu kisha akawazamisha. Wakatembea na mzee kwenye matuta. Mzee akaonyesha milango ya maji, ya chuma, inapanda na kushuka kwa swichi. Akaeleza chakula cha kambamiti, akaeleza ugonjwa wao, akaeleza jinsi kaa wanavyotoboa matuta. Alipenda kazi yake. Somoe akamwacha aseme mpaka walipofika bwawa la mwisho.

"Mzee, uliwahi kushuhudia Chumvini?"

Badi akakunja uso kukitafuta kijiji hicho kichwani. "Chumvini, Chumvini... Nimeweka mistari mingi, mwanangu. Ni kule kusini?"

"Kusini, ndiyo."

"Basi huenda. Kichwa kimezeeka."

Somoe alikuwa amejitayarisha kwa kila jibu. Alitayarisha la kusema akikana, la kusema akilia, la kusema akiomba radhi. Hakujitayarisha kwamba mtu huyu amesahau. Miaka yote hiyo yeye ameibeba Chumvini kifuani kama jiwe la kusagia, na aliyemtwika hata jina lake halijui! Hasira ikampanda mpaka masikio yakawa ya moto, na alipofungua mdomo ilibidi aikaze sauti isimtoroke.

"Na haya mabwawa unajaza lini?"

"Ijumaa, bamvua. Asubuhi nafungua milango yote." Mzee akacheka, akampiga begani kama mtani. "Usije ukanichagulia picha ya siku hiyo! Panajaa pakawa kama kioo."

"Kwani mashahidi hufanya hivyo?"

"Enzi zetu, eh! Mawingu mwezi mzima, wakubwa wanataka mstari wao, unafanyaje? Unachukua uliyonayo." Akatikisa kichwa, si kwa majuto, ni kama mtu anayekumbuka utundu wa shule. "Nyinyi mna maadili. Nyinyi wasomi."

Kijiji amekisahau. Ujanja anaukumbuka.

*

Ijumaa mbingu ilikuwa safi. Saa nne Mamamkwe akapita, na robo saa baadaye Rasi Pweza ikawa mbele ya Somoe: mabwawa yamefurika, matuta yamebaki nyuzi, nyumba ya paa jekundu imeelea. Katika faili palikuwa na picha nyingine nne safi za msimu ule, zote za maji mafu, zote zinaonyesha nchi kavu kavu kama kitanga cha mkono. Akazisukuma pembeni. Mamamkwe akachora Mstari wake, ukakata shingo ya rasi pale pale tuta linapoungana na barabara, kisha akauliza, kama alivyouliza siku zote: Je, maji haya ni bahari?

Somoe akaweka dole gumba.

Ukweli usemwe, alisikia raha. Ilimwingia mwilini kama maji baridi mchana wa Ramadhani, unaposhindwa kujizuia ukayanywa. Sasa na yeye akione cha mtema kuni. Sasa umeme wake ukatwe, hati yake ifutwe, naye aambiwe amezama huku amesimama kwenye vumbi. Akaagiza biriani, na hakuwa mtu wa kuagiza biriani.

Ngwali akaja kusimama nyuma yake. Alikuwa mtundu wa mdomo, lakini kazi aliijua.

"Dada Somoe. Hii si picha ya bamvua?"

"Haina wingu."

"Nauliza bamvua, sikuuliza wingu."

"Sheria inauliza wingu."

Ngwali akaangalia tangazo la ukutani. Akarudi kwenye meza yake, na siku hiyo nzima hakutania tena.

Alasiri simu ya Somoe ikaanza kuita. Namba yake ilikuwa kwenye notisi, kama Sheria inavyotaka, na jina la mpigaji lilijitokeza wazi: B. Nahoza. Akaiacha iite. Ikanyamaza, ikaita tena. Akailaza kifudifudi juu ya meza, ikawa inatetemeka na kusogea kidogo kidogo kuelekea ukingoni, naye akaendelea kula.

"Nani huyo asiyechoka?" Ngwali akauliza bila kugeuka.

"Bahari," Somoe akasema. "Bahari inanipigia."

Mzee alipiga mpaka jioni. Kesho yake asubuhi alipiga mara moja tu, halafu kimya.

Kimya hicho ndicho kilichomkosesha Somoe utulivu. Alijiambia ni kwa sababu kisasi kisicho na jina ni kama barua isiyo na sahihi: mtu anaumia, hajui nani amemtuma. Mzee alikuwa bado anadhani ni kosa la kazi, kwamba wenzake watalirekebisha. Lazima amwone. Lazima amtazame usoni amwambie, mimi ni wa Chumvini. Akakodi gari, likamshusha barabarani karibu na rasi, likageuza likarudi mjini.

*

Taa aliziona toka mbali. Nyekundu, buluu, nyekundu, katika jua la saa tano.

Gari la wagonjwa lilikuwa limesimama pale tuta linapoanzia, pua yake imegusa mahali ambapo ingekuwa alama kama Mstari ungekuwa na alama. Mbele yake vumbi. Nyuma ya gari, mlangoni, palikuwa na mkokoteni wa kubebea kambamiti, na juu ya mkokoteni amelala Bi Mize, midomo imekuwa rangi ya zambarau, kifua kinapanda na kushuka haraka. Mashine ya hewa ilikuwa kando yake, kimya. Badi Nahoza alikuwa ameinama, mikono juu ya magoti, vumbi mpaka mapajani. Alikuwa ameusukuma mkokoteni ule tuta zima, peke yake, kwa umri ule.

"Mgonjwa wa baharini husubiri boti ya uokoaji," gari lilikuwa linasema. "Tafadhali subirini boti."

Mzee akamwona Somoe, uso ukafunguka. "Alhamdulillahi! Mwanangu, umekuja. Nilikupigia. Betri ya mashine imekwisha alfajiri, nilijua watarekebisha, nikasema tusiondoke... Lile kosa la picha. Weka dole hapa kwenye kioo cha gari, uikanushe, mlango ufunguke. Wewe tu ndiye unayeweza."

"Najua ni mimi tu."

"Basi fanya haraka, mama."

Somoe hakusogea. "Nikiikanusha nakwenda gerezani. Ndiyo maana hukupokea simu, sivyo?"

"Simu gani?"

"Ya Chumvini. Majaruba ya chumvi. Mtu aliyekupa chumba, akakupa pweza wa nazi, akakuambia siku ya kufungua milango. Wakamleta kwenye Mstari wako juu ya kitanda, kama hivi. Gari likasema maneno haya haya. Mke wake akakupigia mpaka simu ikazima."

Mzee akanyooka taratibu. Hapo ndipo alipokumbuka. Somoe aliona kumbukumbu ikimfika usoni, na alikuwa ameusubiri uso huo karibu maisha yake yote.

"Lile pakacha la chumvi," Badi akasema.

"Ulijua kwamba ni majaruba?"

"Nilijua."

"Ulijua kwamba mtu anakufa?"

Akamtazama mkewe mkokotenini, akamtazama Somoe, na pengine aliona kuwa uongo ungemchelewesha tu. "Nilijua. Niliogopa gereza. Mwanangu, nitakiri lolote utakalo, nitasema mahakamani, lakini huyu hana kosa."

"Na baba yangu alikuwa na kosa gani?" Akakionyeshea kidole kioo cha gari. "Sema jina lake. Nitaweka dole. Taja tu jina la mtu uliyemuua."

Upepo ukaipeperusha kanga ya Bi Mize. Machozi yakamshuka mzee kwenye mashavu yale ya babu.

"Silijui," akasema. "Sikuuliza."

Mkono ukainuka kutoka mkokotenini. Bi Mize alikuwa amefumbua macho.

"Chande," akasema. Akavuta pumzi, ikakwama, akaivuta tena. "Chande Mfaume. Mama yako... alilitaja. Mimi ndiye niliyepokea simu." Pumzi. "Mume wangu alikuwa kando yangu, ananipungia mkono niseme hayupo. Nikasema hayupo." Pumzi ndefu, yenye mlio. "Sauti yako ndiyo ile ile. Kila nikisali... naisikia."

Somoe akasimama katikati ya jua. Kumbe walikuwa wawili! Kumbe yule mwanamke wa kwenye simu ndiye huyu, na sasa mizani imelingana kuliko hata alivyoota: mume aliyeweka dole na mke aliyesema hayupo, wote wawili kwenye Mstari, na mlango umefungwa. Hakuwa na haja ya kufanya chochote. Angesimama tu. Angesubiri boti pamoja nao.

Huruma hakuwa nayo, asisingiziwe. Aliitafuta moyoni hakuiona. Kilichomshika kilikuwa mlio wa simu yake mwenyewe, ikitetemeka kifudifudi mezani, ikisogea kuelekea ukingoni, na yeye anatafuna nyama. Alijiona vile alivyokaa. Ndivyo alivyokaa Badi, siku ile, na pengine naye alikuwa anakula. Na Somoe akagundua kwamba anamchukia mtu huyu kiasi kwamba hawezi kuvumilia kufanana naye, hata kwa kidole kimoja.

Akaenda kwenye kioo cha gari, akabandika dole gumba.

"Nakanusha Mstari wa Rasi Pweza," akasema. "Yale ni maji ya bamvua yaliyoingizwa mabwawani. Nilijua."

"Taja jina," gari likasema.

"Somoe binti Chande Mfaume."

"Taja kwenu."

"Chumvini."

Gari likapekua ramani yake. "Chumvini ni bahari."

"Ndiyo," Somoe akasema. "Sasa ni bahari. Andika hivyo hivyo."

Mlango ukafunguka. Mikono ya chuma ikatoka, ikamwinua Bi Mize, ikamvisha kinyago cha hewa, na kifua chake kikaanza kupunguza mbio. Badi akapanda kwa magoti, kisha akageuka, mdomo umejaa maneno ya shukrani, naye Somoe akayazuia kwa mkono kabla hayajatoka.

"Usinishukuru. Bado nakuchukia. Nenda naye, na akipona akufundishe lile jina mpaka ulishike. Mahakamani watakuuliza, na nitakuwepo kusikiliza."

Gari likaondoka na taa zake. Somoe akakaa juu ya mkokoteni mtupu, unaonuka kambamiti, miguu yake kwenye vumbi. Juu yake mbingu ilikuwa haina wingu hata moja. Mamamkwe alikuwa ameshapita.

Simu ikaita mfukoni. Kituo. Bila shaka taarifa imeshawafika, na askari wako njiani, na Ngwali amesimama chini ya lile tangazo hajui aseme nini. Akaitoa, akaipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Nipo," akasema.